Mafuta, sukari na pombe baada ya upasuaji wa kupunguza uzito: mambo ya kuzingatia kabla ya kuonja tena

Kovu likishapona na nguo zikianza kupwaya, swali linalofuata ni lini. Lini nitakula keki, lini nitarudi kwenye vya kukaanga, lini nitakunywa glasi ya divai. Tarehe zipo na nitazitaja, lakini hazimsaidii sana mtu ambaye sahani iko mbele yake. Cha kumsaidia ni kujua tumbo alilonalo sasa linafanya nini na kile anachokimeza.

Kwa hiyo anza na jambo ambalo wengine hawakuwahi kuuliza wakaelewa: ulifanyiwa upasuaji gani? Wapo wanaojua tu kwamba "walipunguzwa tumbo", basi. Tofauti ni kubwa. Katika upasuaji wa kukata tumbo, zaidi ya robo tatu ya tumbo huondolewa na kinachobaki kina umbo la ndizi. Mlango wa chini, ule unaoachilia chakula kidogo kidogo kwenda kwenye utumbo mwembamba, unabaki mahali pake. Katika upasuaji wa kuunganisha njia ya mkato, daktari hutengeneza kijifuko chenye ujazo wa takriban mililita 30 na kukiunga moja kwa moja na utumbo mwembamba. Mlango ule umerukwa. Sukari na mafuta huingia utumboni karibu kama yalivyotoka mdomoni. Aliyewekewa mkanda unaobana sehemu ya juu ya tumbo hajaondolewa kitu, na shida yake zaidi ni chakula kukwama. Kama hujui uko kundi gani, uliza ulikofanyiwa na uandike jibu mahali utakapolikuta, kwa sababu ushauri mwingi unaofuata unategemea hilo.

Wa njia ya mkato ndio wanaoonja adhabu ya sukari mapema na kwa ukali, ingawa hata waliokatwa tumbo inawapata. Hutokea kwa namna mbili. Ya kwanza huja dakika 10 hadi 30 baada ya kula. Sukari nyingi ikimwagika kwa ghafla ndani ya utumbo mwembamba huvuta maji kutoka kwenye damu, utumbo unavimba, na mtu anaanza kutokwa jasho, moyo unakwenda mbio, tumbo linasokota, anahara, anatamani kulala palepale alipo. Ya pili huja saa 1 hadi 3 baadaye, wakati mtu ameshasahau alichokula. Sukari iliyoingia kwa kasi imeisukuma kongosho itoe insulini kupita kiasi, na sasa sukari ya damu inashuka mno: mikono inatetemeka, njaa kali, kizunguzungu, akili inachanganyikiwa, na kuna wanaozimia. Namna hii ya pili mara nyingi hujitokeza mwaka mmoja au zaidi baada ya upasuaji, kwa hiyo kusema "mimi mbona sukari hainidhuru" katika mwezi wa tano si ushahidi wa mwaka wa pili.

Nieleze hapa jambo linalonikera katika mazungumzo ya watu waliofanyiwa upasuaji huu. Wengine huishangilia hali hiyo, eti ni mlinzi anayewazuia wasile vitamu. Mlinzi gani anayelala zamu? Wapo ambao haiwapati kabisa, na wanaoipata hujifunza upesi kuikwepa kwa kula kidogo kidogo siku nzima. Usiutegemee ugonjwa kuwa nidhamu yako.

Sasa maandalizi ya kuonja tena. Kwa kawaida mtu hupita kwenye vinywaji, kisha vyakula vilivyosagwa, kisha vilaini, na kufikia chakula cha kawaida karibu wiki ya 6 hadi ya 8, kwa ratiba ya timu yake ya matibabu. Kufika kwenye chakula cha kawaida hakumaanishi vya mafuta mengi na sukari vimeruhusiwa. Kabla ya kuvifikiria, tazama kama mambo ya msingi yamekaa sawa. Je, unapata protini ya kutosha, ambayo kwa wengi ni gramu 60 hadi 80 kwa siku? Unakunywa karibu lita moja na nusu ya maji bila kulazimisha? Vidonge vya vitamini na madini unavimeza kila siku, pamoja na B12, chuma, kalsiamu na vitamini D? Kijifuko kidogo hakina nafasi ya vitu viwili. Gramu za aiskrimu zinazoingia zinachukua nafasi ya gramu za samaki au mayai, na anayekosa protini wakati uzito unashuka kwa kasi anapoteza misuli pamoja na mafuta.

Na kama bado unatapika mara kwa mara, usionje chochote kipya. Rudi kwa daktari. Kutapika kwa wiki kadhaa hukausha akiba ya vitamini B1, ambayo mwili huiweka kidogo sana, na upungufu wake huharibu ubongo na neva.

Kibofu cha nyongo nacho kinahitaji swali lake. Uzito ukishuka haraka, mawe ya nyongo hutengenezeka kwa urahisi, na ndiyo maana madaktari wengi hutoa dawa ya kuyazuia katika miezi 6 ya mwanzo. Mlo wa mafuta mengi hukibana kibofu hicho. Maumivu makali chini ya mbavu za kulia, yanayopanda hadi mgongoni au begani baada ya kula vya kukaanga, hayafai kuitwa gesi na kufunikwa kwa vidonge vya dukani.

Siku ya kuonja ichaguliwe, isikuchague. Harusi, sherehe ya mwisho wa mwaka na chakula cha jioni na wakubwa wa kazini ndizo siku mbaya kuliko zote, kwa kuwa uko mbali na choo chako, unakula kwa haraka, watu wanakutazama, na vitu vipya vinne viko kwenye sahani moja. Ukiugua hutajua ni kipi kilichokuponza. Fanya jaribio nyumbani, mchana, siku ambayo huendeshi gari kwa saa 3 zinazofuata. Kitu kimoja tu kipya. Kula protini kwanza, kisha vijiko viwili vitatu vya hicho kitu, polepole, ukitafuna hadi kilainike kabisa. Usinywe kitu pamoja na chakula, wala kwa nusu saa baada yake, maana kinywaji hukisukuma chakula kishuke mapema na kuharakisha yale tuliyoyaeleza. Ukihisi kubanwa chini ya kifua, kwikwi au kamasi kutiririka, hizo ni dalili kwamba kijifuko kimejaa. Simama hapo, hata kama kijiko kilikuwa kinakaribia mdomo. Andika ulichokula, saa ngapi, na ulivyojisikia baada ya dakika 30 na baada ya saa 2.

Usihukumu kwa mara moja. Nyama nyekundu iliyokataa mwezi wa tatu inaweza kupita vizuri mwezi wa nane ikipikwa ikalainika. Maziwa yanawasumbua wengi waliounganishwa njia ya mkato ilhali mtindi unapita, kwa sababu sukari ya maziwa ndiyo wasiyoimudu. Waliokatwa tumbo, kwa upande wao, huona vya mafuta vikiwaletea kiungulia usiku. Hao wale mapema, wasilale mara baada ya kula, na kiungulia kikizoeleka wamwambie daktari badala ya kuzoeana nacho.

Ila hatari ya muda mrefu iko kwenye vitu ambavyo havisumbui kabisa. Nyama na mboga hukaa ndani ya kijifuko na kushibisha. Chokoleti, aiskrimu, biskuti zinazoyeyuka na krispi hupita tu. Mtu asiyeweza kumaliza kipande cha kuku anaweza kumaliza kopo zima la aiskrimu mchana mmoja, kijiko baada ya kijiko, bila kusikia shibe. Kwa njia hiyo uzito hurudi baada ya miaka miwili mitatu, na mwenyewe anaapa kwamba "hali chochote". Kama unataka kitamu, kipime, kiweke kwenye kibakuli kidogo, na kopo lirudi kwenye friji kabla hujakaa chini.

Pombe nimeitenga kwa makusudi. Keki ikikudhuru utajua jioni hiyohiyo. Pombe inaweza kupita vizuri kabisa, na madhara yake yaje baadaye.

Timu nyingi huwataka watu wakae miezi 6 bila pombe, na nyingi husema mwaka mzima. Sababu ni hii: kwa kawaida pombe hukaa tumboni kwa muda, na sehemu yake huvunjwa na vimeng'enya vya tumbo kabla haijaingia kwenye damu. Aliyeunganishwa njia ya mkato hana muda huo wala eneo hilo la tumbo. Pombe inafika utumboni mara moja na kupanda kwenye damu ndani ya dakika chache, inafika kiwango cha juu zaidi, na inachukua muda mrefu zaidi kuisha. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wanawake waliofanyiwa upasuaji huo walipokunywa vipimo viwili, damu yao ilikuwa na pombe kama ya mtu aliyekunywa vinne. Waliokatwa tumbo wachukue tahadhari ileile. Kwa hiyo kipimo ulichokizoea zamani kifute. Anayejua "mimi glasi mbili hainifanyi kitu" anazungumzia mwili ambao hanao tena, na kuendesha gari baada ya glasi hata moja ni jambo la kutofikiriwa.

Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2012, uliofuatilia watu karibu 2,000, uliona matatizo ya matumizi ya pombe yakiwa asilimia 7.6 kabla ya upasuaji, yakabaki karibu palepale mwaka wa kwanza, kisha yakafika asilimia 9.6 mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza mtu ana hofu na ana timu inayomfuatilia. Wa pili miadi inapungua, kujiamini kunaongezeka, na pombe inapanda kichwani haraka kuliko zamani, jambo ambalo baadhi ya watu hulipenda. Aliyekuwa akila ili kutuliza huzuni au hasira sasa hawezi kula hivyo, na hamu ya kutulizwa haikukatwa pamoja na tumbo. Kama ulikuwa na shida na pombe kabla, au kuna uraibu katika familia, maoni yangu ni kwamba usirudi kabisa. Na ambaye hakuwa mnywaji, sioni kwa nini aanze sasa.

Anayeamua kunywa aanze kwa kuzungumza na daktari kuhusu dawa zake. Ini linaloshughulika na pombe hupunguza kazi ya kutengeneza sukari, hivyo kwa mtu ambaye sukari yake hushuka baada ya kula, au anayetumia insulini na baadhi ya vidonge vya kisukari, glasi moja inaweza kumwangusha. Dalili za sukari kushuka hufanana na ulevi. Jasho, kuyumba, maneno kukosa mpangilio, na waliokuzunguka watacheka wakidhani umelewa. Mwambie mtu mmoja mezani kabla: nikiwa hivi, nipimeni sukari. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki ni marufuku kwa wengi walio na njia ya mkato kwa sababu huleta vidonda kwenye kiungo cha kijifuko na utumbo, na sigara huongeza hatari hiyo. Kwa hiyo usimeze vidonge hivyo asubuhi kichwa kikiuma baada ya kunywa.

Kuhusu aina, bia na vinywaji vyenye gesi huvimbisha kijifuko na kuleta maumivu. Vile vilivyochanganywa na juisi tamu au krimu hukuletea pombe, sukari na mafuta kwa mkupuo mmoja. Gramu moja ya pombe ina kalori 7, karibu na mafuta yenye 9, na haishibishi. Mjamzito au anayetafuta ujauzito asiguse.

Mwisho, fahamu dalili za kwenda hospitali bila kusubiri asubuhi: kutapika kusikokoma, kushindwa kushikilia hata maji, choo cheusi kama lami, maumivu makali ya tumbo, kuzimia, kuona vitu viwiliviwili, kuyumba ukitembea au kuchanganyikiwa. Ukifika, mwambie anayekupokea ulifanyiwa upasuaji gani na mwaka gani. Kama umekuwa ukitapika kwa siku kadhaa, itaje vitamini B1 kabla hujawekewa dripu ya glukosi, kwa sababu glukosi bila vitamini hiyo inaweza kuzidisha madhara kwenye ubongo.