Jinsi ya Kukagua Bustani ya Mjini Iliyopewa Tuzo

Kibao cha tuzo kilichobandikwa langoni kiache kwanza. Fika saa saba mchana, jua likiwa la utosini, utazame watu wamekaa wapi. Niliwahi kusimamia upandaji wa miti kwenye mradi uliokuja kupewa tuzo, na siku ya tuzo nikapiga makofi kama wenzangu. Tulikuwa na mabenchi marefu ya mawe meusi, yamesuguliwa hadi yanang'aa. Kwenye picha yalipendeza kweli. Miaka miwili baadaye nilipita mchana wa jua kali nikayakuta matupu yote. Watu walikuwa wamejibana kwenye ukuta mfupi nyuma ya choo, maana ndiko kivuli kilikoangukia. Miti yangu? Ilikuwa upande wa pili, inatia kivuli njia ya magari.

Kwa hiyo kaa, robo saa nzima. Benchi la mtu mzima huwa na kimo cha sentimita 40 hadi 45. Mimi hubeba futi kamba, lakini hata magoti yako yatakuambia. Tazama kama lina egemeo na mahali pa kushika, kwani mzee mwenye magoti mabovu hainuki bila kushika kitu. Halafu jaribu kusogeza kiti. Bustani ya Paley Park ya New York, iliyofunguliwa mwaka 1967 kwa usanifu wa Robert Zion, ni upenyo wa mita za mraba 390 hivi kati ya majengo. Mwishoni maji yanaporomoka ukutani kutoka kimo cha mita 6 hivi, yakimeza kelele za magari, na juu kuna miti ya majani madogomadogo yanayochuja jua bila kulizuia lote. Viti vyake ni vyepesi, havikufungwa chini. Mtu huvuta chake hatua mbili kufuata kivuli, au kumkwepa jirani anayeongea sana.

Sasa chuchumaa kwenye shina la mti. Mti uliopandwa vizuri hutanuka unapokaribia udongo, kama mguu wa tembo. Ukiona shina limezama ardhini limenyooka kama mlingoti, limefukiwa mno. Mti wa namna hiyo unaweza kupendeza miaka kadhaa kisha ukaanza kudhoofika bila mtu kujua kisa. Na kama zege limelikaba shina kama kola ya shati, hapo huhitaji kuuliza mizizi inapata maji wapi.

Rudi siku ya mvua kubwa. Najua hakuna apendaye, lakini ndiyo siku yenye mengi ya kuona. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni vitanda vya maua vilivyoinuliwa juu ya njia na kuzungushiwa ukingo: maji yanatuama njiani, maua hayapati kitu, na kesho yake mtunza bustani anayamwagilia kwa mpira. Linganisha na bustani ya Bishan-Ang Mo Kio ya Singapore. Pale palikuwa na mfereji wa zege ulionyooka, kilomita 2.7. Waliuvunja, mto ukaachiwa upinde utakavyo, ukafika kama kilomita 3. Siku zisizo na mvua watu hushuka hadi majini. Mvua ikija, maji hutanda juu ya nyasi, na nyasi zimepangwa ziyapokee. Mwaka 2012 kazi hiyo ilitangazwa mandhari bora ya mwaka kwenye Tamasha la Usanifu Duniani.

Njia za mkato zisikupite. Nyasi zikiwa zimechimbika mstari mmoja kutoka lango hadi kituo cha basi, watu wameshachora ramani yao. Kibao cha "usikanyage" hakitawashinda. Kwenye mteremko wa viti vya magurudumu, kila sentimita moja ya kupanda idai angalau 12 za kwenda mbele. Pungufu ya hapo, msukumaji atahema.

Mwisho kabisa, mtafute anayefagia. Msalimie, mpe nafasi apumzike, kisha umuulize maji hutuama wapi na ni kitu gani huharibika kila mara. Kwenye ule mradi wetu nilimuuliza mama mmoja mfagiaji kuhusu yale mabenchi meusi. Akaniambia yanamfaa sana: huanika juu yake matambara ya kudekia choo, na nusu saa haiishi yameshakauka.