Ongoza kana kwamba kikosi chote kitaondoka: mbinu kutoka futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani

Katika futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani (ile ya Kimarekani ya kubeba mpira mikononi, si soka), mchezaji kwa kawaida ana misimu minne ya kucheza ndani ya miaka mitano, kisha basi. Kocha mkuu anajua kwamba wachezaji anaowapigia makofi leo watakuwa wameondoka karibu wote muda huo ukiisha. Tangu 2021 mambo yamezidi kuwa magumu, kwa kuwa mchezaji anaweza kuhamia chuo kingine bila kulazimika kukaa nje msimu mzima. Pamoja na hayo, timu ya Chuo Kikuu cha Nebraska chini ya kocha Tom Osborne ilishinda angalau mechi 9 kila msimu kwa miaka 25 mfululizo (1973 hadi 1997), na ile ya Chuo Kikuu cha Alabama chini ya Nick Saban ilitwaa ubingwa wa taifa mara 6 kati ya msimu wa 2009 na ule wa 2020.

Makocha wa aina hiyo huchukulia kuondoka kwa watu kama jambo la kalenda, wala hawangoji barua ya kujiuzulu ndipo washtuke. Kiongozi wa shirika anaweza kufanya vivyo hivyo, na mahali pa kuanzia ni karatasi moja.

Chora chati ya kikosi

Usiandike vyeo. Andika kazi ambazo zikisimama kwa wiki moja, shirika linaumia: anayefunga hesabu za mwezi, anayeshika nywila za mifumo, anayezungumza na mteja mkubwa. Kwa shirika la watu 30, kazi hizo mara nyingi ni 12 hadi 20. Mbele ya kila kazi weka majina matatu kwa mpangilio: anayeifanya sasa, anayeweza kuifanya kesho asubuhi, na anayejifunza. Safu ya mwisho iwe makadirio yako ya lini wa kwanza ataondoka au kupandishwa.

Kosa la kwanza utakaloliona ni jina moja kujirudia kama wa pili kwenye kazi tano. Huyo akiugua, mapengo matano yanafunguka kwa siku moja. Mpe nafasi mbili, zisizidi hapo. Kosa la pili ni kuandika jina kwa heshima tu: mtu hajawahi kuigusa kazi, ila ana cheo kinachofanana. Ukiwa na shaka, acha nafasi wazi; pengo linaloonekana ni rahisi kuziba kuliko lililofichwa. Majina ya watakaoshika kazi yatangaze. Safu ya tarehe ibaki kwako.

Wape wa pili kazi halisi

Hapa ndipo mashirika mengi yanaposhindwa. Nebraska ya Osborne ilikuwa ikigawa mazoezi katika vituo kadhaa vinavyokwenda kwa wakati mmoja, ili wachezaji wa akiba nao wacheze mara nyingi badala ya kusimama pembeni wakitazama. Kutazama hakumfundishi mtu kazi.

Kanuni rahisi: kazi ikijirudia mara tano, mara moja aifanye wa pili kuanzia mwanzo hadi mwisho, wa kwanza akiwa karibu lakini mikono mfukoni. Anza na mzunguko ambao kosa lake linaweza kurekebishwa ndani ya siku moja. Kinachoharibu mpango huu ni haraka: muda ukibana, wa kwanza anainyakua kazi “ili tumalize”, na wa pili anabaki na vipande vyepesi. Ukiruhusu hilo mara mbili, mpango umekufa.

Faida yake ilionekana Januari 2018, kwenye fainali ya taifa. Alabama ilikwenda mapumziko ikiwa nyuma 13-0 dhidi ya Georgia. Saban alimtoa Jalen Hurts, kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi) aliyekuwa akianza msimu mzima, akamwingiza Tua Tagovailoa wa mwaka wa kwanza. Alabama ilishinda 26-23 katika muda wa nyongeza. Kijana huyo alikuwa ameshachezeshwa msimu huo katika mechi ambazo matokeo yake yalikuwa yamekwisha kuamuliwa. Desemba ya mwaka huohuo, Tagovailoa alipoumia dhidi ya Georgia hiyohiyo, Hurts ndiye aliyeingia na kuokoa mechi, 35-28. Aliyetolewa hakutupwa, na hilo nalo ni kazi ya kiongozi: mweleze kwa nini, siku ileile, ana kwa ana.

Punguza upeo wa macho

Mwaka 1998, Saban akiwa kocha wa chuo cha Michigan State, alipata ushauri wa Lionel Rosen, profesa wa tiba ya akili chuoni hapo: mchezo mmoja (yaani jaribio moja la kusogeza mpira, si mechi nzima) unachukua kama sekunde saba, basi shughulika na huo, pumzika, nenda kwenye unaofuata. Timu yake iliifunga Ohio State, iliyoshika namba moja nchini, 28-24. Humo ndimo lilimotoka lile neno lake maarufu, “mchakato”.

Kwenye mkutano wa wiki, ondoa shabaha ya mwaka kwenye ajenda. Kila mtu aseme kazi moja ya siku tano zijazo na itaonekanaje ikifanywa vizuri. (Neno “mchakato” hubandikwa ukutani na mashirika ambayo bonasi zake zote zinategemea mauzo. Wafanyakazi husoma bonasi, hawasomi ukuta.)

Kagua kazi, si matokeo

Baada ya mechi, makocha hupitia video na kumpa kila mchezaji alama kwa kila mchezo. Vigezo vya kawaida ni vitatu: alijua jukumu lake? alitumia ufundi sahihi? alijituma? Matokeo hayamo, kwa sababu ushindi huficha makosa na kushindwa huficha kazi nzuri.

Fanya ukaguzi ndani ya saa 48 baada ya mradi au zabuni, dakika 45 tu. Chagua matukio kumi, sita mabaya na manne mazuri, uyapime kwa maswali hayo matatu. Jukumu lisipojulikana, lawama ni ya aliyepanga. Ufundi ukipungua, panga mafunzo. Bidii ikikosekana, zungumza na mhusika faraghani. Anza na kosa lako mwenyewe, la sivyo kikao kitageuka mahakama na wiki ijayo watu watakuja na mawakili. Mkishinda, ukaguzi ubaki na urefu uleule.

Wasaidizi nao wataondoka

Mafanikio huwavuta wanaotafuta makocha. Ubingwa wa Alabama wa 2015, 2017 na 2020 ulipatikana na waratibu watatu tofauti wa mashambulizi: Lane Kiffin, Brian Daboll na Steve Sarkisian. Ili uweze kupokea pigo kama hilo, andika msamiati wa shirika lako, kurasa kumi au pungufu: majina ya hatua, fomu, nani anaidhinisha nini. Mgeni ajifunze lugha yenu kwanza. Akibadilisha kila kitu wiki ya kwanza, watu 30 wanageuka wanagenzi kwa ajili ya mmoja.

Kubalianeni kuhusu muda

Saban alimaliza mwaka wake wa kwanza Alabama, 2007, kwa 7-6 (kushinda mechi saba, kufungwa sita), akifungwa hata na Louisiana-Monroe. Bill Snyder alipoichukua Kansas State mwaka 1989, timu ilikuwa haijashinda tangu 1986. Akapata 1-10, kisha 5-6, kisha 7-4, na mwaka 1998 akamaliza msimu wa kawaida bila kufungwa. Kwa upande mwingine, Nebraska ilimfukuza Frank Solich, mrithi wa Osborne, mwaka 2003 akiwa na 9-3. Ubingwa wa kanda (ligi ya vyuo kadhaa) alioupata 1999 ndio wa mwisho kwa timu hiyo hadi leo.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini, kaa na bodi muandike ukurasa mmoja: mwaka wa kwanza tutapima ukaguzi umefanyika mara ngapi na nafasi ngapi za pili zimejazwa, mwaka wa pili, makosa yanayojirudia, matokeo ya fedha yaanze kuhukumu kuanzia mwaka wa tatu. Bodi ikikataa kuweka sahihi hapo, utakuwa umejua mapema muda halisi uliopewa.