Upele ukiingia nyumbani, tibuni wote usiku mmoja (hata kama maji mnanunua kwa ndoo)

Kuanzia kipindi cha kupulizia salfa kwenye mikorosho mpaka korosho zinaokotwa, huku kwetu Mtwara na Lindi watu tunajikuna sana na kila mtu ana jibu lake, huyu anasema salfa imemchoma, yule alikuwa anabangua korosho mafuta ya ganda yakamrukia, mwingine kapita kwenye upupu, mtoto naye anaambiwa ni harara sababu ya joto. Na mara nyingi wako sawa kabisa. Shida ni kwamba upele wenyewe (scabies, ule unaoletwa na mdudu mdogo anayechimba ndani ya ngozi) unajificha humo humo, unakaa nyumbani miezi na miezi huku lawama zote zinaenda shambani.

Namna ya kutofautisha ni hivi. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza pale yalipogusa tu, ngozi inakuwa nyeusi halafu inabambuka, na mtu ambaye hajagusa korosho hana kitu. Upupu unawasha hapo hapo ulipopita na baadae unaisha. Fangasi (mashilingi) anakuja na duara lenye ukingo. Upele wenyewe unawasha mwili mzima ila zaidi usiku, mkishalala na mwili ukapata joto la shuka, na ukiulizia vizuri unakuta hujikuni peke yako: mama anajikuna, mtoto anayelala nae anajikuna, na shemeji aliyekuja kusaidia kuokota korosho nae anajikuna. Ukiona hivyo acha kuisingizia salfa.

Halafu angalia vizuri kwa tochi ya simu. Katikati ya vidole, kwenye kifundo cha mkono upande wa ndani hapa tunapovaa saa, makwapani, kiunoni usawa wa mkanda, makalioni, kwa wanaume kwenye uume, kwa wanawake kuzunguka chuchu. Kwa watoto wachanga angalia mpaka viganja, nyayo na kichwani. Unachotafuta ni kamstari kembamba kama mtu kapitisha penseli kidogo, urefu wa milimita chache tu, hako ndio kashimo ka mdudu. Kama hukaoni vizuri paka wino wa peni juu ya hapo kisha futa na kitambaa chenye spiriti, wino wa juu utatoka ila ulioingia kwenye kashimo unabaki na mstari unaonekana. Ukiukosa bado usiseme hakuna upele, kwa sababu mtu mzima wa kawaida anaweza kuwa na wadudu kumi au kumi na tano tu mwili mzima, na wameshamsumbua hivyo.

Mdudu mwenyewe ana kama milimita 0.3 mpaka 0.4, jike ndio anachimba ndani ya ngozi ya juu na kutaga mayai mawili matatu kwa siku, yanaanguliwa baada ya siku 3 au 4. Anahama kwa ngozi kugusana na ngozi muda mrefu kidogo, yaani kulala pamoja, kubeba mtoto, kujamiiana. Kupeana mkono wa salamu haraka haraka mara chache sana inaambukiza. Ndio maana unapenda sehemu watu wanalala wamebanana: bwenini, kumbini kwa wali wa jando mkeka mmoja watoto kadhaa, kwenye vibanda vya shambani wakati wa korosho. Na naomba hili lieleweke, upele sio uchafu. Mtu anaoga mara tatu kwa siku na bado anaupata, sabuni haimfikii mdudu aliyekaa ndani ya ngozi. Watoto wanatengwa shuleni na wanachekwa kwa ajili ya hii kitu, inauma sana, na matokeo yake familia zinaficha na upele unasambaa zaidi.

Sasa hapa ndio pa kushika. Mtu akipata upele kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 2 mpaka 6 bila kuwashwa, na muda wote huo anaambukiza. Kwa hiyo ukimpaka dawa anayejikuna peke yake, yule anayelala nae ambaye bado hawashwi anamrudishia, halafu mnasema dawa feki. Dawa sio feki, mmetibu nusu ya nyumba. Pakeni wote, siku moja, anayejikuna na asiyejikuna, na bibi, na dada wa kazi. Shemeji kama ameshaondoka kwenda Masasi au Newala mpigie simu apake usiku huo huo huko aliko.

Dawa inayopatikana zaidi vituo vya afya na famasi ni BBE (benzyl benzoate emulsion), ile ya maji nyeupe kama maziwa, ya asilimia 25. Jioni oga, jifute ukauke na mwili upoe, tikisa chupa, halafu paka kuanzia shingoni mpaka nyayoni bila kuruka sehemu: katikati ya vidole, chini ya kucha (kata kucha kwanza), kitovuni, sehemu za siri kwa nje, mgongoni akusaidie mtu. Usipake usoni wala kwenye kidonda kibichi. Kaa nayo saa 24, ukinawa mikono paka tena mikononi, watu wengi wanasahau hapa. Rudia kwa siku ulizoelekezwa, mara nyingi ni siku 3 mfululizo. Inachoma kidogo, hiyo kawaida. Ila mtoto asipakwe ya mtu mzima hivyo hivyo, inatakiwa kuchanganywa na maji kulingana na umri, mwambie mhudumu umri wake akuoneshe kipimo, na kwa mtoto mchanga na mama mjamzito ulizia kwanza kabisa. Ukipata krimu ya permethrini asilimia 5 hiyo ni laini zaidi, unalala nayo kwa muda wa saa 8 mpaka 14, unaoga, unarudia baada ya wiki. Mama anayenyonyesha afute na kuosha chuchu kabla ya kumpa mtoto.

Kuna na vidonge vya ivermectin, vile ambavyo huku tunavijua kwenye kingatiba ya matende na mabusha. Vinaua mdudu wa upele pia, ila dozi inaendana na uzito na inarudiwa baada ya siku 7 mpaka 14, havipewi mjamzito wala mtoto chini ya kilo 15, kwa hiyo upewe na daktari. Ile ya sindano ya mbuzi achana nayo kabisa.

Nguo sasa. Wengi wanakata tamaa hapa, maana kwa watu wa Newala na Tandahimba maji ya kununua, utafua magodoro na mapazia ya nyumba nzima kwa maji gani? Huhitaji. Mdudu akitoka mwilini anaishi siku 2 au 3 tu. Chukua nguo, kanga na mashuka mliyotumia siku hizo tatu za mwisho, zinazofulika fua kwa maji moto uanike juani au upige pasi ya mkaa, zisizofulika funga kwenye mfuko wa nailoni au kiroba kisichopitisha, weka pembeni wiki nzima. Mkeka na godoro toa juani. Basi. Maji machache uliyonayo yatumie kuogea kabla ya dawa.

Mkishamaliza muwasho hautaisha kesho. Utaendelea wiki 2 mpaka 4 kwa sababu wadudu wamekufa lakini mabaki yao yako ndani ya ngozi na mwili bado unayakataa. Msipake dawa kila siku kwa hasira, mtaunguza ngozi. Kitambaa cha maji baridi kinasaidia, losheni ya kalamaini, mafuta ya nazi kama ngozi imekauka, na piritoni usiku ukalale (inaleta usingizi, usiendeshe bodaboda).

Vitu vya kuacha: dawa ya kunguni mwilini, mafuta ya taa, na salfa ya mikorosho kuchanganya na mafuta. Najua salfa ni dawa ya upele ya zamani na kweli ipo mpaka leo, ila ile ni marashi yaliyopimwa hospitali, sio ya mfuko wa shambani. Na zile krimu zenye steroidi zinapunguza muwasho siku mbili tatu huku wadudu wanaongezeka, hizo zimechelewesha watu wengi sana.

Mtoto akishapakwa usiku wa kwanza kesho yake anaweza kwenda shule, mwambieni mwalimu ili anaokaa nao wakaguliwe. Ila nendeni hospitali bila kusubiri, iwe Ligula, Sokoine pale Lindi, Ndanda, Nyangao au zahanati ya karibu, mkiona vipele vina usaha, homa, uso kuvimba au mkojo wa rangi ya chai, maana bakteria wanaoingia kupitia mikwaruzo wanaweza kufika mpaka kwenye figo. Hivyo hivyo kama ngozi imekuwa na magamba mazito, hasa kwa mzee au mtu mwenye kinga ndogo, hapo wadudu ni maelfu na dawa ya kupaka peke yake haitoshi. Na kama zimepita wiki 4 na vipele vipya vinatoka, rudini, ila rudini wote mnaolala nyumba moja.