Kupitisha data kwenye TLS kwa Python, kuanzia soketi tupu

Kama kazi yako ni kuvuta ukurasa mmoja mmoja, tumia `requests`, maktaba ya Python ya kuvuta kurasa, ulale salama. Ila siku utakapopewa kifaa kinachotuma vipimo mfululizo kwenye muunganisho mmoja usiofungwa, utalazimika kushuka hadi kwenye soketi yenyewe, yaani ncha ya muunganisho ambayo programu yako husomea na kuandikia. Mimi nilishushwa huko na kituo kidogo cha kupima mvua kinachoendeshwa na Raspberry Pi. Unahitaji Python 3.10 au mpya zaidi. Moduli zote mbili tutakazotumia, `socket` na `ssl`, zinakuja nayo.

Hatua ya 1: fungua njia, kisha ivishe

TLS (itifaki inayosimba data na kuthibitisha seva) haichukui nafasi ya TCP (itifaki inayosafirisha baiti kwa mpangilio), inapanda juu yake. Kwa hiyo unafungua njia ya kawaida kwanza, halafu unaivika TLS:

```python
import socket, ssl

jina = "example.com"
muktadha = ssl.create_default_context()

with socket.create_connection((jina, 443), timeout=10) as tupu:
    with muktadha.wrap_socket(tupu, server_hostname=jina) as salama:
        print(salama.version())
```

Ikichapa `TLSv1.3` au `TLSv1.2`, uko sawa. TLS 1.0 na 1.1 zilistaafishwa rasmi mwaka 2021, na tangu Python 3.10 muktadha huu, yaani mipangilio ya usalama iliyotengenezwa na `create_default_context`, hauzikubali.

Usiipite `server_hostname` haraka. Inaiambia seva unatafuta tovuti ipi, maana anwani moja ya IP huweza kubeba tovuti nyingi. Pia ndiyo inayolinganishwa na jina lililo kwenye cheti, yaani kitambulisho cha kidijitali cha seva. Mtu akikubishia hodi na kitambulisho halali kabisa, lakini chenye jina la jirani, utamfungulia?

Ukikutana na mafunzo ya zamani yanayotumia `ssl.wrap_socket` bila muktadha, achana nayo. Haikuwa ikikagua cheti usipoiambia, na kwenye Python 3.12 iliondolewa kabisa.

Hatua ya 2: cheti kikikataliwa

Utaona `CERTIFICATE_VERIFY_FAILED`, na mtandaoni utashauriwa uweke `CERT_NONE`, yaani uzime ukaguzi wa cheti. Usifanye hivyo. Data itaendelea kusimbwa, lakini hutajua unamsimbia nani. Soma maneno yanayofuata kwenye hitilafu hiyo, kwa sababu sababu imeandikwa palepale.

Ukisoma `certificate is not yet valid`, tazama saa ya kifaa chako kwanza. Raspberry Pi yangu haina betri ya saa. Umeme ukikatika, ikiwaka tena inaamini bado ni wakati ule ilipozimika, mpaka ipate saa sahihi kutoka mtandaoni. Seva ilikuwa imepata cheti kipya katikati ya giza hilo, kwa hiyo kwa macho ya kifaa cheti kilikuwa hakijazaliwa. Nilipoteza asubuhi nzima nikiichunguza seva isiyo na kosa.

Kama seva ni yako na cheti umejisainia mwenyewe, mpe mteja (programu inayounganisha na seva) nakala ya cheti hicho: `ssl.create_default_context(cafile="cheti.pem")`. Ukaguzi unabaki palepale.

Hatua ya 3: tuma

```python
salama.sendall(b"mm=12.4\n")
```

Iandike ndani ya `with` ya pili ya Hatua ya 1. Ni `sendall`, si `send`. Hiyo ya pili inaweza kutuma nusu ya ulichompa, ikakurudishia idadi ya baiti zilizopita na kukuachia wewe masalia.

Hatua ya 4: soma, na hapa ndipo watu wanapoumia

`recv(1024)` maana yake ni "nipe kilichopo, kisizidi baiti 1024". Haimaanishi "nipe ujumbe mmoja". Huu ni mkondo wa baiti, haujui ujumbe wako unaanzia wapi wala kuishia wapi.

TLS inalificha kosa hili kuliko TCP tupu. Kila rekodi ya TLS (fungu moja lililosimbwa), yenye data isiyozidi baiti 16,384, hufunguliwa ikiwa imefika nzima. Kwa hiyo ujumbe mfupi uliotumwa peke yake utaupokea mzima kila unapojaribu, na utaanza kuamini kwamba `recv` moja ni ujumbe mmoja. Seva yangu iliamini hivyo kwa majuma. Kisha mtandao wa simu ukapotea kwa saa kadhaa, kifaa kikalimbikiza vipimo, na laini iliporudi kikavituma vyote kwa mkupuo. Baiti ya 1024 iliangukia katikati ya namba: `mm=12.4` ikasomwa `mm=1`, na `2.4` ikatupwa kama takataka. Hakuna hitilafu iliyotokea. Kulikuwa na mvua ya milimita moja kwenye jedwali, na mtaani watu wakikunja suruali kuvuka barabara.

Dawa ni kukubaliana alama ya mwisho wa ujumbe. Mimi natumia mstari mpya (`hifadhi` ni funksheni yako mwenyewe ya kuweka kipimo):

```python
with salama.makefile("rb") as mkondo:
    for mstari in mkondo:
        if not mstari.endswith(b"\n"):
            raise ConnectionError("mkondo umekatika katikati")
        hifadhi(mstari.rstrip())
```

`makefile` inaufanya mkondo usomeke kama faili na kuunganisha vipande yenyewe. Muda wa kusubiri ukiisha katikati ya kusoma, usiendelee na mkondo huohuo, kwa kuwa bafa yake (hifadhi yake ya muda) inaweza kuwa imevurugika. Funga, uunganishe upya.

Ukitumia `select`, inayosubiri hadi soketi ipate data, jua kwamba inaangalia soketi ya chini tu. Data iliyokwisha kufunguliwa huweza kuwa imekaa ndani ya TLS huku `select` ikisema hakuna kitu. Iulize `salama.pending()` kwanza.

Hatua ya 5: aga kabla ya kuondoka

Kwenye TLS, anayemaliza hutuma taarifa ya kuaga. Asipotuma, huwezi kujua kama amemaliza au kuna mtu kati aliyekata waya. Python, kwa kawaida yake, inaumeza ukimya huo na kukupa `b""` kana kwamba mambo yameisha salama. Na `with` inafunga soketi bila kuaga, kwa hiyo ita `salama.unwrap()` mwenyewe kabla ya kutoka.

Ncha zote mbili zikiwa zako, ongeza `suppress_ragged_eofs=False` ndani ya `wrap_socket`, uone `SSLEOFError` pale mtu anapoondoka bila kuaga. Kwenye tovuti za watu utaiona mara nyingi mno, kwa hiyo huko hesabu baiti kwa kufuata `Content-Length`, kichwa cha HTTP kinachotaja urefu wa jibu. Kituo changu cha mvua sasa hakifuti kipimo chochote hadi seva ijibu mstari wenye idadi ya vipimo ilivyohifadhi. Idadi ikipishana, vyote vinatumwa upya, na seva inavitambua kwa namba zake ili isihifadhi kimoja mara mbili.