Somo: Kubadilisha mipira ya petroli na sili za injini kwenye MGB

MGB, gari dogo la michezo, ilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia mwaka 1962 hadi 1980, kwa hiyo hata ile ya mwisho kutoka kiwandani imeshavuka miaka 40. Raba haisubiri gari litembee ndipo izeeke: joto, hewa na petroli yenyewe huifanya ngumu hata kama gari limeegeshwa muda wote. Zaidi ya hapo, petroli ya siku hizi huchanganywa na ethanoli (Uingereza kwenyewe petroli ya kawaida ilipandishwa hadi E10, yaani ethanoli isiyozidi asilimia 10, mwezi Septemba 2021), na mipira ya zamani haikutengenezwa kwa mchanganyiko huo. Ndiyo maana nashauri mipira yote ya petroli ibadilishwe kwa mkupuo mmoja, bila kuchagua ule unaoonekana mbovu na kuuacha ule unaoonekana mzima.

Sisitizo hili lina sababu. Kwenye injini hii kabureta na manifoldi ya ekzosi ziko upande mmoja, kabureta zikiwa juu ya ekzosi, na pampu ya petroli ni ya umeme, hivyo huanza kusukuma mara tu unapofungua swichi, hata kama injini haijawaka. Mpira ukipasuka hapo, petroli inamwagikia chuma cha moto.

Maandalizi. Fanya kazi nje au mahali penye hewa ya kutosha, injini ikiwa imepoa kabisa, kizimamoto kiwe karibu, na usitumie taa ya balbu ya kioo inayoweza kuvunjika. Tenganisha betri kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Kumbuka kwamba magari yaliyotoka kabla ya mwishoni mwa mwaka 1967 yalifungwa ethi chanya (yaani upande chanya wa betri ndio ulioungwa kwenye bodi), na kwamba miaka mingi MGB ilitumia betri mbili za volti 6 nyuma ya viti. Kwa hiyo fuata waya unaoshika bodi na uondoe huo kwanza, badala ya kutegemea rangi ya waya. Gari likishainuliwa, liweke juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi kwa mtu anayelala chini ya gari.

Hatua ya kwanza: mipira ya petroli. Toa petroli kwenye tangi kadiri uwezavyo na uihifadhi kwenye chombo cha chuma chenye mfuniko. Anzia nyuma: kuna mpira mfupi kati ya tangi na pampu ya petroli (ya kampuni ya SU) iliyo upande wa kulia karibu na ekseli, kisha mwingine unaotoka kwenye pampu kuingia kwenye paipu ya chuma inayopita chini ya gari hadi mbele, na huko mbele mingine inayofikisha petroli kwenye kabureta na kuziunganisha. Piga picha kila kiungo kabla ya kukifungua. Usivute mpira uliogandana na paipu, kwa sababu paipu itapinda au kupasuka kwenye shingo. Uchane kwa wembe kwa urefu, kisha uumenye.

Chukua mmojawapo wa ile ya zamani uupasue katikati. Mara nyingi utakuta nje umetulia huku ndani umejaa nyufa nyembamba, na ukipitisha kidole unatoka na unga mweusi. Unga huo ndio unaojikusanya kwenye bakuli la kabureta na kuzuia nidoli (sindano inayofunga njia ya petroli bakuli linapojaa) isifunge, hadi petroli ikamwagika. Kwa sababu hiyo fungua mabakuli yote mawili uyasafishe siku hiyohiyo.

Mpira mpya uwe na maandishi SAE J30 R9 (kiwango cha mipira ya petroli) ubavuni. Aina hiyo ina utando wa ndani wa fluoroelastoma unaostahimili ethanoli, na ni bora kuliko daraja la R7 ingawa presha ya pampu ya SU ni ndogo. Pima kipenyo cha nje cha paipu kwa kalipa ndipo ununue mpira. Ingiza paipu ndani ya mpira kiasi cha milimita 25, na tumia klempu zenye kingo zilizokunjwa, kwa kuwa zile zenye matundu kwenye mkanda hula raba kila unapozikaza. Wakati huohuo kagua paipu ya chuma kwa tochi kuanzia mwanzo hadi mwisho, hasa pale inaposhikwa na vishikizo, maana kutu hupenda kujificha hapo.

Hatua ya pili: jaribio. Rudisha petroli kidogo, unganisha betri, fungua swichi bila kuwasha injini, usikilize. Pampu ya SU hugonga haraka, hupunguza kasi mabakuli yanapojaa, kisha hunyamaza. Ikiendelea kugonga bila kukoma, ama petroli inavuja, ama nidoli haifungi, ama hewa inaingia upande wa tangi. Uvujaji wa upande wa tangi unahitaji uangalifu, kwa kuwa pampu inavuta hapo, na kiungo kilicholegea kinaweza kunyonya hewa bila kudondosha hata tone moja.

Hatua ya tatu: sili na gasketi za injini. Kabla ya kununua sili yoyote, kagua mfumo wa kupumua wa injini. Bomba la pumzi lililo kwenye kifuniko cha pembeni likiziba, presha hupanda ndani ya injini na kusukuma oili nje kupitia kila upenyo, na sili mpya itavuja kama ya zamani. Kisha osha injini yote, iendeshe kwa muda mfupi, na utafute chanzo kuanzia juu kwenda chini, kwa sababu oili hutiririka na kukudanganya.

Gasketi ya kifuniko cha juu ni kazi nyepesi, ila nati zake zinahitaji kukazwa kwa Nm 5 (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukazia) hivi tu. Ukizidisha, gasketi hiyo ya koki inaminyika na kifuniko kinapinda. Vifuniko vya pembeni, vilivyo nyuma ya manifoldi, ndivyo vinavyosahauliwa zaidi, na oili yake mara nyingi husingiziwa sili ya nyuma.

Sili ya mbele inataka utulivu. Toa rejeta na mkanda wa feni, nyoosha washa ya kufungia, fungua nati ya pulii, kisha toa pulii na kifuniko cha cheni ya taimingi. Injini za mwanzo zilikuwa na sili ya manyoya yaliyoshindiliwa na za baadaye zikawekewa ya raba. Kifuniko na kisahani cha kurushia oili lazima viwe vya aina moja, na kisahani chenye herufi F kirudishwe herufi hiyo ikitazama mbele. Paka oili mdomo wa sili, weka kifuniko bila kukaza boliti, ingiza pulii ili iweke sili katikati sawasawa, ndipo ukaze boliti. Ukikaza boliti kwanza, sili itakaa upande na itavuja. Nati ya pulii hukazwa kwa Nm 95.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Fundi, nimeuziwa mipira iliyofunikwa kwa wavu wa chuma. Je, si imara zaidi?

Jibu: Wavu hulinda dhidi ya kukwaruzwa, lakini unaficha raba, na raba ndiyo inayobeba petroli. Kama muuzaji hawezi kukuonyesha daraja la raba iliyo ndani, usiufunge.

Swali: Nina mpira wa silikoni uliobaki kwenye kazi ya rejeta. Naweza kuutumia kwa muda kwenye petroli?

Jibu: Hapana, ndugu yangu, hata kwa safari moja. Silikoni ya rejeta huvimba na kulainika inapokutana na petroli.

Swali: Nimebadilisha sili ya mbele na bado inavuja. Nimekosea wapi?

Jibu: Pitisha ukucha kwenye shingo ya pulii pale mdomo wa sili unapogusa. Ukisikia mfereji, sili haina pa kushika; vika shingo hiyo ala nyembamba ya chuma ya kurekebishia, au badilisha pulii. Kama shingo ni laini, rudi kwenye bomba la pumzi.

Swali: Oili inadondoka kati ya injini na giaboksi. Niitoe injini nibadilishe sili ya nyuma?

Jibu: Kwanza hakikisha haitoki kwenye vifuniko vya pembeni. Pili, angalia aina ya injini yako: zile za mwanzo zenye beringi kuu tatu hazina sili ya raba nyuma, zina mfereji wa mzunguko unaorudisha oili ndani, na tone moja moja baada ya kuegesha ni hali yake ya kawaida. Zenye beringi tano zina sili, lakini kuifikia ni lazima injini itoke, klachi na flaiwili vifunguliwe. Kama oili haijafika kwenye klachi, subiri hadi klachi yenyewe itakapohitaji kubadilishwa, ufanye kazi zote mbili pamoja.