Namna ya kupanga utafiti wa uvuvi Lamu kwa kuzingatia jinsia

Anayepanga utafiti wa uvuvi Lamu aandike mapema, kabla hata ya kutunga dodoso, iwapo swali lake linahusu maumbile ya kike na ya kiume, majukumu ambayo jamii imewapa wanawake na wanaume, au yote mawili, kwa kuwa taarifa ambayo haikukusanywa haipatikani tena wakati wa uchambuzi.

Maumbile hayawahusu watu peke yao. Tewa wengi huanza maisha wakiwa majike, kisha baadhi yao hugeuka madume wakishakua, na kwa hivyo uvuvi unaolenga samaki wakubwa huweza kuwamaliza madume hata kama idadi ya jumla haijashuka sana. Basi usiishie kwenye urefu na uzani. Mwombe mwenye samaki akuruhusu utazame viungo vya uzazi anapompasua. Kasa wanaotaga Kiunga nao, watoto wao kuwa majike au madume huamuliwa na joto la mchanga: likipanda kupita nyuzi 29 hivi, majike huzidi. Kwa kuwa mtoto wa kasa hatambuliki kwa kumtazama nje, kipimajoto kikae kiotoni tangu mayai yanapotagwa.

Kwa upande wa watu, ukihesabu wavuvi dikoni tu, utawapata wanaume wa mashua, na wanawake wa Pate wanaotafuta pweza mwambani hawatakuwemo. Nenda siku za bamvua, maji yakipwa. Usitegemee swali la "Kazi yako ni nini?", kwani mwanamke aliyetoka mwambani sasa hivi na pweza mkononi huenda akajibu kuwa hana kazi. Muulize, "Wiki hii ulitoa nini baharini, na ulikipeleka wapi?" Aulizwe na mhoji mwanamke, saa anayoichagua mwenyewe, wala mumewe asimjibie. Kwangu mimi, hapa ndipo utafiti mwingi huharibika, kabla ya hesabu yoyote kupigwa.

Wanawake 10 kati ya watu 100 hawatoshi kulinganishwa na wanaume 90, kwa hiyo kadiria sampuli ya kila kundi mapema. Andika pia umri, zana na umiliki wa chombo, maana pengo la kipato linaloonekana kuwa la jinsia huenda limetokana na nani ana mashua. Matokeo yakijitokeza kwa kundi moja tu, hilo halithibitishi tofauti mpaka makundi yalinganishwe moja kwa moja. Mwongozo wa SAGER wa mwaka 2016, unaohusu usawa wa jinsia katika utafiti, unamtaka mtafiti aripoti takwimu za kila jinsia, na usipoona tofauti yoyote, hilo nalo liandike.