Sensa yako ya LUKU inahesabu uniti ambazo hujatumia? Anza na mwanga

Nilibandika sensa kwenye mita ya LUKU hapa nyumbani Chumbageni, Tanga, ESP32 (bodi ndogo ya kompyuta yenye WiFi) na LDR (rizista inayobadilika kwa mwanga) inayosoma ile taa nyekundu inayopepesa kadri umeme unavyotumika, ihesabu uniti na kuzileta kwenye simu, siku mbili za kwanza mambo safi kabisa. Siku ya tatu simu inaniambia nimetumia uniti 19, mita yenyewe imekata 7. Nikaangalia grafu, palsi (yani kila mpepeso unaohesabiwa) za uongo zote zinaingia kuanzia saa 10 jioni mpaka jua linazama, basi kesho yake nikaenda kusimama pale pale muda huo huo nikaona kila kitu: boksi linatazama magharibi, jua linapiga humo ndani, mbele kuna mnazi, na upepo ukitikisa makuti kivuli kinakuja kinaondoka juu ya LDR, kila kikiondoka inahesabiwa palsi moja.

Kwaiyo kabla hujagusa programu ziba mwanga. Kata kipande cha tyubu ya baiskeli, toboa katikati tundu la saizi ya ile taa, sensa ikae ndani ya tundu, alafu funika yote na tepu nyeusi, sio ile ya kung'aa inayopitisha mwanga. Kama boksi lina taa za tyubu karibu, hizo nazo zinapepesa mara 100 kwa sekunde kwa umeme wetu wa hezi 50, hata kama jicho halioni. Mi niliishia kutoa LDR nikaweka fototransista, sensa nyingine ya mwanga, maana LDR ni nzito kuitikia. Na sili ya mita usiiguse kabisa jamani, kila kitu kinakaa nje, kufungua mita ni kosa na mle ndani kuna umeme unaoua.

Waya ndo adui wa pili. Ukiupitisha bega kwa bega na waya wa pampu au friji, mota ikiwashwa tu sensa inaruka. Tumia jozi moja iliyosokotwa ya waya wa netiweki, mmoja signali mwingine graundi, weka rizista ya kiloomu 10 kutoka signali kwenda volti 3.3 na kapasita ya nanofaradi 100 kati ya signali na graundi, karibu na bodi. Angalizo moja limenitesa usiku mzima: pini 34 mpaka 39 za ESP32 hazina rizista ya ndani ya kushikilia pini, ukiandika kwenye programu kwamba unaitaka haikusaidii kitu, pini inaelea tu inaokota kila takataka.

Sasa programu. Watu wanaweka muda wa kukataa palsi kwa kukisia, usikisie, piga hesabu. Mita yangu imeandikwa 1000 imp/kWh, yani palsi 1000 kwa uniti moja, swichi kubwa ni ampia 60, kwa volti 230 hiyo ni wati 13,800, yani palsi 3.8 kwa sekunde, kama milisekunde 260 kati ya moja na nyingine. Palsi yoyote inayokuja chini ya milisekunde 200 haiwezi kuwa ya kweli, itupe. Mita ya 1600 nafasi inashuka mpaka 163, hapo weka 120. Ukiweka sekunde nzima kwa woga utapoteza za kweli kwenye mita ya 1000 kila mzigo ukizidi wati 3,600. Na palsi ikiingia subiri milisekunde 5 usome tena, kama taa bado inawaka ndo uhesabu.

Mita ya maji ina shida yake, na hii ndo ilinichosha zaidi. Pale ni swichi ya ridi, vibati viwili ndani ya kichupa cha kioo vinagusana sumaku ikipita. Bomba zote zimefungwa usiku lakini hesabu inapanda, kumbe sumaku imesimama pembeni kabisa mwa ridi, na presha ya bomba ikicheza kidogo kigurudumu kinaenda mbele kinarudi nyuma, vibati vinagusana vinaachana. Hapo kapasita haisaidii maana mchezo ni wa pole pole. Weka ridi mbili zilizoachana kidogo kwenye njia ya sumaku, na uhesabu tu ya kwanza ikigusa, alafu ya pili, ndo uongeze hesabu. Ikirudi nyuma haimalizi mzunguko, haihesabiwi. Viungo vyote paka silikoni, hewa ya bahari hapa inakula shaba haraka.

Kupima: zima kila kitu, washa birika la wati 2000 tu, kwa mita ya 1000 taa inawaka kila sekunde 1.8, yani palsi 100 kwa dakika 3. Maji yakichemka kabla, jaza mengine uendelee. Hesabu kwa macho na ulinganishe na simu, alafu rudia saa 11 jioni jua likiwa kwenye boksi. Zikipishana zaidi ya palsi moja au mbili rudi kwenye tepu, joto la mchana linalegeza gundi.